Kimo cha Ziwa, Sumu ya Mto

Kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Okeechobee, katika jimbo la Florida nchini Marekani, pana mahali paitwapo Port Mayaca. Hapo kuna malango makubwa ya chuma. Yakiinuliwa, maji ya ziwa huingia mferejini, yakasafiri hadi Mto St. Lucie, na mto ukayafikisha baharini. Mwanzoni mwa 2016 mvua za El Niño zililijaza ziwa hilo katika msimu ambao kwa kawaida ni wa ukavu, na malango yakafunguliwa. Ilipofika Juni, maji yaliyokuwa yakipita yalikuwa yamebeba mwani. Katika mji wa Stuart, karibu na bahari, utando wa kijani ulitanda magatini, ukaganda kama uji uliolala, ukanuka. Tarehe 29 Juni Gavana Rick Scott alitangaza hali ya dharura. Julai 2018 akaitangaza tena, na safari hiyo picha za setilaiti zilionyesha mwani umeenea katika takriban asilimia 90 ya ziwa.

Waliofungua malango hawakuwa wazembe. Ni Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, chenye dhamana ya tuta linalolizunguka ziwa, na walijua fika nani angekufa tuta likipasuka. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Je, kimo cha maji ya ziwa kinaweza kuongozwa ili mito isalimike na sumu, bila madhara kuhamishiwa kwa mtu mwingine? Jibu langu ni kwamba inawezekana kwa kiasi, na kiasi hicho kina thamani kubwa. Lakini lango halizalishi sumu wala haliiui. Huamua tu sumu iende wapi na lini. Wanaolisahau hilo hujenga malango mapya kila kizazi, na mwani huendelea kurudi.

Sumu inavyozaliwa

Tunauita mwani, ingawa kwa kweli ni bakteria: sianobakteria, viumbe wadogo mno wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Spishi inayoisumbua zaidi Okeechobee ni Microcystis aeruginosa. Ndani ya seli zake mna vifuko vya hewa vinavyomwezesha kiumbe huyu kuelea. Upepo ukitulia na maji yakapata joto, seli hupanda kwa mabilioni na kutanda juu, kama malai juu ya maziwa yaliyochemka. Chakula chake ni fosforasi na nitrojeni, yaani mbolea iliyosombwa shambani, samadi ya ng'ombe na maji taka ya mijini. Aina zake nyingi hutoa mikrosistini, sumu inayoshambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa siku zote.

Jambo moja kila mkazi wa kando ya ziwa anapaswa kulijua: kuchemsha maji hakuiondoi sumu hii. Moto huzipasua seli, sumu iliyokuwa ndani ikamwagika, na maji yakipungua kwa mvuke, sumu hubaki sufuriani. Wakazi wapatao 400,000 wa Toledo, katika jimbo la Ohio, walijifunza hilo Agosti 2014. Kwa takriban siku tatu walionywa wasinywe maji ya bomba yaliyotoka Ziwa Erie, na wasijaribu kuyachemsha.

Ziwa lililofungiwa

Jina Okeechobee limetoka katika lugha ya wenyeji wa asili, na maana yake ni maji makubwa. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 1,900 hivi, lakini kina chake cha wastani hakifiki mita tatu. Ni sinia, si chungu. Zamani mvua zilipozidi, maji yalifurika ukingo wa kusini na kutambaa polepole ndani ya nyasi za Everglades, kinamasi kikubwa kinachoshuka mpaka ncha ya rasi. Hayakuwa na haraka, na nyasi ziliyachuja njiani.

Katika miaka ya 1880 tajiri mmoja, Hamilton Disston, alianza kuchimba mifereji ili ardhi ikauke na kuuzwa. Alilifungulia ziwa njia ya kwenda magharibi kupitia Mto Caloosahatchee. Baadaye ukachimbwa mfereji wa St. Lucie kuelekea mashariki. Udongo mweusi wa kusini ukageuka mashamba. Kisha, usiku wa 16 Septemba 1928, kimbunga kiliyasukuma maji juu ya tuta dogo la udongo lililokuwapo. Watu wasiopungua 2,500 walikufa. Wengi wao walikuwa vibarua weusi wa mashambani, baadhi wakiwa wametoka visiwa vya Bahama, na wengi walizikwa katika makaburi ya halaiki.

Vifo hivyo ndivyo vilivyozaa Tuta la Herbert Hoover, ambalo leo lina urefu wa kilomita 230 na limelizunguka ziwa karibu lote. Halafu, kati ya 1962 na 1971, Mto Kissimmee unaoingia kutoka kaskazini, ambao ulijipindapinda kwa zaidi ya kilomita 160, ulinyooshwa ukawa mfereji wa kilomita 90 hivi. Tangu hapo maji huweza kuingia ziwani kwa kasi inayofikia mara sita ya kasi ya kuyatoa. Kimbunga kimoja hulipandisha ziwa ndani ya majuma machache, na kulishusha huchukua miezi. Njia kuu za kulishushia haraka ni mbili tu, St. Lucie na Caloosahatchee, na hakuna hata moja iliyoumbwa kupokea mzigo huo.

Kila futi ina mwenyewe

Kimo cha Okeechobee hutajwa kwa futi juu ya usawa wa bahari. Tofauti ya futi moja, sentimita 30 tu, huonekana ndogo. Kwa ziwa hili futi moja ni takriban mita za ujazo milioni 580, na kila futi ina watu wanaoidai.

Wanaolala chini ya tuta, katika miji maskini ya Belle Glade na Pahokee, wanataka maji yasipande, na hakuna mwenye haki ya kuwaambia wasahau 1928. Wakulima wa miwa, miji ya pwani na watu wa kabila la Seminole hulitazama ziwa kama ghala la msimu wa ukavu, kwa hiyo wanataka libaki juu. Wakazi wa St. Lucie wangependa lango lao lisifunguliwe kamwe. Maji baridi yakizidi pale mto unapokutana na bahari, chumvi hupungua, na chaza na nyasi za baharini hufa hata kama hakuna chembe ya sumu. Caloosahatchee una hali nyingine. Mto huu ukinyimwa maji ya ziwa wakati wa ukame, chumvi hupanda kutoka baharini na kuua majani yanayolisha nguva. Lango likifungwa kabisa, mto mmoja hupona na mwingine hukauka koo.

Mdai wa mwisho hana wakili. Ni ziwa lenyewe. Pembezoni mwake huota matete na majani ya chini ya maji, ambamo samaki huzaliana na ndege huwinda. Mimea hiyo hutuliza mawimbi, hushika tope lisitibuke, na hugombania fosforasi na mwani. Inastawi zaidi ziwa likipanda na kushuka kati ya futi 12 na 15 hivi kwa kufuata misimu. Ziwa likikaa juu ya futi 16 kwa muda mrefu, mwanga haufiki chini na mimea hufa. Likishuka mno, wenye mashamba na miji huona hatari, kama mwaka 2007 lilipofika futi 8.82, rekodi ya chini kabisa. Hata hivyo mwaka ule mamlaka ya maji ilitumia ukavu huo kukwangua tope la pembezoni kwa matingatinga.

Kwa hiyo kimo kinailinda mito kwa njia mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho: ziwa likiwa chini kabla ya mvua, lina nafasi ya kupokea mafuriko, na malango hayalazimiki kufunguliwa wakati mwani umeshamiri. Ya pili inafanya kazi kimyakimya, nayo ni kuipa mimea ya pembezoni mwanga ili ziwa lenyewe liweze kushindana na mwani. Mjadala mwingi huishia kwenye njia ya kwanza. Mimi naona ya pili ndiyo inayodumu.

Kanuni tatu, mafunzo matatu

Mwaka 2008 wahandisi waliweka kanuni ya kulibakiza ziwa kati ya futi 12.5 na 15.5. Sababu haikuwa mwani. Tuta lilikuwa likivuja, na baada ya kimbunga Katrina kuizamisha New Orleans mwaka 2005 hakuna aliyetaka kubahatisha. Tuta lilipona, lakini gharama ililipwa na mito. Kila mvua ilipozidi, yaani 2013, 2016 na 2018, maji yalisukumwa mashariki na magharibi, mara nyingine yakiwa tayari yana mwani.

Mwaka 2019 wahandisi, wakiongozwa na Kanali Andrew Kelly, walijaribu jambo jingine. Walianza kulishusha ziwa miezi ya baridi, kabla ya joto kuuamsha mwani, wakalifikisha karibu futi 11 kabla ya mvua. Msimu ule wa mvua St. Lucie ulipumua, na majani ya chini ya maji yakarudi kwa wingi. Wapinzani walisema hali ya hewa iliwabeba, na kwamba endapo ukame ungefuata, miji na mashamba yangelia. Hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini jaribio lile lilithibitisha kwamba wakati wa kutoa maji una uzito sawa na kiasi kinachotolewa. Maji yaleyale yanayotoka Februari bila madhara makubwa yanaweza kuwa sumu yakitoka Julai.

Ukarabati wa tuta ulikamilika Januari 2023, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 15 na zaidi ya dola bilioni 1.5. Agosti 2024 ikapitishwa kanuni mpya inayoliruhusu ziwa kutembea kati ya futi 10.5 na 17. Inawapa wahandisi uhuru zaidi wa kulifunga lango la St. Lucie, kupeleka maji mengi zaidi kusini, na kuuhesabu mwani katika maamuzi yao. Bei yake ni kwamba maji yanayozuiliwa hukaa ziwani, na ziwa likikaa juu mimea hudhoofika. Haikupita hata nusu mwaka, Desemba 2024, wahandisi wakaanza kutoa maji makusudi katika msimu wa ukavu, kwa sababu ziwa lilikuwa limekaa juu kwa muda mrefu na mimea ya pembezoni mwake imechoka. Walichagua maumivu kidogo ya baridi ili kuepuka maumivu makubwa ya joto. Nadhani walichagua vyema.

Ufa ulio nyuma ya ukuta

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Florida imejenga ukuta wa kilomita 230, na ufa bado uko wazi. Ufa huo ni fosforasi.

Mwaka 2001 jimbo liliweka lengo: fosforasi inayoingia Okeechobee isizidi tani 140 kwa mwaka. Katika miaka mingi tangu hapo imeingia mara tatu ya kiasi hicho, na mwaka wa kimbunga Irma, 2017, ilivuka tani 1,000. Sehemu kubwa hutoka kaskazini, kwenye malisho ya ng'ombe, mashamba na miji inayokua. Hapa inafaa kusema kweli kuhusu miwa, maana lawama nyingi huelekezwa huko. Mashamba ya miwa yako kusini, upande maji yanakoelekea. Kosa lao kubwa kwa mito ni kuikalia njia ambayo maji yangepita kwenda Everglades, zaidi ya kulilisha ziwa mbolea. Anayetaka haki lazima atenganishe madai hayo mawili, kwa sababu kila moja lina dawa yake.

Tena kuna deni la zamani. Fosforasi ya miongo mingi imelala katika tope la chini, na ziwa likiwa na kina kifupi kama sinia, upepo mkali unatosha kuitibua. Hata kama mbolea yote ingekoma leo, ziwa lingeendelea kujilisha kwa miaka mingi. Ndiyo maana kuongoza kimo hakuepukiki. Kunatununulia muda wa kuuziba ufa. Dhambi ni kuununua muda huo kila mwaka na kuutumia kwa kulala.

Kazi ya kuziba inaendelea, tuiseme nayo. Mto Kissimmee umerudishiwa mipindo yake kwa kilomita 70 hivi, na kazi hiyo ilikamilika 2021. Kusini kuna zaidi ya hekta 20,000 za vinamasi vilivyotengenezwa ili mimea iyachuje maji kabla ya kuingia Everglades, ambako sheria inadai fosforasi iwe sehemu 10 tu katika bilioni. Bwawa kubwa la akiba linajengwa kusini mwa ziwa, la mita za ujazo zipatazo milioni 296. Ni kazi kubwa, lakini hesabu yake inafundisha unyenyekevu: bwawa hilo zima ni nusu futi ya Okeechobee. Hakuna tanki litakalotosha ikiwa kila kitu kinaachiwa tanki.

Pale maji yanapopungua

Mtu angeweza kudhani kanuni ni rahisi: punguza maji, punguza sumu. Australia inakanusha. Mwishoni mwa 1991 Mto Darling, katika jimbo la New South Wales, ulipata mwani wa sumu kwa urefu wa takriban kilomita 1,000, na serikali ikatangaza hali ya dharura. Sababu ilikuwa kinyume cha Florida. Ukame na matumizi ya maji viliuacha mto ukisimama nyuma ya mabwawa madogo. Maji yaliyosimama hujigawa matabaka, ya moto juu na ya baridi chini, na mwani unaoelea hukaa juu ukila jua. Kule dawa ilikuwa kuachia maji, ili mkondo uvunje matabaka hayo.

Kwa hiyo si kimo peke yake. Ni kimo, mwendo, joto na wakati, vyote kwa pamoja. Mahali pamoja lango hufungwa ili mto upone, pengine hufunguliwa kwa sababu ileile. Kanuni inayonakiliwa kutoka ziwa moja hadi jingine bila kupima ni hatari.

Na lango la Jinja?

Sisi wa bonde la Ziwa Victoria tuna lango letu. Tangu Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lililoko Jinja nchini Uganda, lifunguliwe mwaka 1954, maji yanayotoka ziwani kwenda Nile hupita mikononi mwa binadamu. Kanuni yake hutokana na makubaliano ya Misri na Uingereza ya kabla ya uhuru wetu: kitoke kiasi ambacho kingetoka kiasili kwa kimo cha siku hiyo. Kati ya 2003 na 2006 ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita moja. Ukame ulichangia, na maji ya ziada yaliyopitishwa kwenye mitambo ya umeme yalichangia pia. Kisha Mei 2020 likapanda likaivuka rekodi ya 1964, na mashamba, vyoo na nyumba za ukingoni vikaingiwa na maji katika nchi zote tatu zinazolizunguka, Kenya, Uganda na Tanzania.

Wakati huohuo sianobakteria zimelitawala ziwa tangu miaka ya 1980, zikichukua nafasi ya mwani wa zamani uliolisha samaki. Pabaya zaidi ni Ghuba ya Winam, yenye kina kifupi, inayopokea Mto Nyando kutoka ukanda wa miwa wa Muhoroni na Chemelil, pamoja na maji taka ya Kisumu. Je, lango la Jinja lingeweza kuisafisha?

Tufanye hesabu. Sentimita moja ya Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba 68,800, ni mita za ujazo milioni 688, zaidi ya futi nzima ya Okeechobee. Kwa mtiririko wa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kuishusha sentimita hiyo moja huchukua siku nane, ikiwa mvua na mvuke havitabadilisha kitu. Na vitabadilisha, kwa maana takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu yake, na kiasi kama hicho huondoka kwa mvuke. Mwenye lango la Jinja ana sauti, lakini mbingu ina sauti kubwa zaidi. Kwa Winam, kilicho muhimu ni maji ya ghuba kubadilishana na ya ziwa kuu. Ndiyo maana tuta la barabara lililojengwa Mbita miaka ya 1980, likaziba mojawapo ya milango miwili ya ghuba, lililalamikiwa kwa miaka mingi, na ndiyo maana kuwekwa daraja mahali pake kulikuwa uamuzi wa afya ya maji kama ulivyokuwa wa usafiri.

Basi Florida ina nini cha kutufundisha? Si namba zake. Inatufundisha kwamba lango likiendeshwa kwa ajili ya kitu kimoja, liwe tuta au umeme, gharama humwangukia asiyekaa mezani: mvuvi wa chaza kule, mama anayechota maji ufukweni Dunga, Kisumu, huku. Inatufundisha kwamba afya ya maji lazima iandikwe ndani ya kanuni, kama Wamarekani walivyofanya baada ya misimu mitatu ya aibu. Na inatufundisha kuanza na ufa ungali mdogo: kutibu maji taka ya miji ya ukingoni, kurudisha mafunjo na matete ya Nyando yanayochuja udongo bila mshahara, na kumfundisha mkulima kuweka mbolea shinani, isiishie mtoni.

Kimo cha Ziwa Victoria kimepimwa kwa zaidi ya miaka 120. Kila sentimita iliyopanda au kushuka tangu enzi za wakoloni ina tarehe yake, kwa sababu kulikuwa na watawala waliotaka kujua Nile itapata nini. Sumu iliyomo ndani ya maji hayohayo haijapata karani wa namna hiyo. Siku kila chanzo cha maji ya kunywa kando ya ghuba kitakapopimwa mikrosistini kwa bidii ileile tunayoipa rula ya Jinja, na matokeo yakabandikwa pale wanapochotea watu, tutakuwa tumeanza kulisimamia ziwa kwa ajili ya wanaolinywa.